Hapo Ndipo Anapojibu

Tumsifu Yesu Kristo.

Asanteni. Wazee wangu, shikamooni. Marahaba za upande huu nimezisikia, za kule nyuma bado, nasubiri. Haya, nashukuru. Akina mama, mmeamkaje? Na waliobaki nyumbani na wagonjwa, waliobaki na mbuzi ili ninyi mfike hapa, nao wameamkaje? Maharage yamekubali? Na ninyi ndugu zetu mliohamia kutoka Shinyanga na Mwanza, ng'ombe wanapata majani?

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Mwenyekiti, nivumilie kidogo. Mtu akipewa nafasi ya kushuhudia hukimbilia jambo lake, lakini mimi jambo langu ni hizo salamu, na mtanielewa nikifika mwisho.

Mnanifahamu. Mimi ndiye yule anayesoma somo la kwanza Jumapili, yule ambaye r na l zinamsumbua akifika kwenye majina ya Agano la Kale. Na mnajua kuna kipindi nilipotea kabisa hapa kigangoni. Wengine mlisikia naumwa malaria. Wengine mlisikia nimeolewa Mwanza. Hilo la Mwanza lilinifurahisha nilipolisikia baadaye, lakini halikuwa kweli. Nilikuwa nyumbani kwa baba yangu, hapa hapa Ntobeye, nimelala mchana kweupe nikiangalia ukuta.

Nilikuwa nafundisha watoto wadogo katika shule moja ya binafsi. Shule ikafungwa, nikarudi nyumbani na begi langu na simu yangu. Mama alikwishatutangulia kwa Mungu. Baba alinipokea bila swali lolote, akanionyesha chumba changu cha zamani, akaniambia jembe langu bado lina mpini. Huyo ndiye baba yangu, wengi mnamjua, maneno yake ni machache na kila moja anaonekana amelifikiria tangu jana yake.

Sasa mimi tangu utotoni nilipenda redio. Nilishajaribu kuomba kazi ya utangazaji, wakaniambia sauti ni nzuri ila ulimi bado uko kijijini. Lilinikaa moyoni neno hilo. Kwa hiyo niliposikia kwamba siku hizi mtu hahitaji kuajiriwa na redio, anaweza kutengeneza podikasti yake mwenyewe, nikaona Mungu amenifungulia mlango wa nyuma. Wazee wangu, podikasti ni kipindi ambacho mtu anakirekodi mwenyewe, hata kwa simu, anakiweka mtandaoni, na anayetaka anakisikiliza saa anayotaka, akiwa Rulenge au akiwa Ulaya. Mimi Rulenge sikuifikiria. Nilifikiria Dar es Salaam na huko mbele zaidi.

Studio yangu ilikuwa ghala la baba. Nilikaa katikati ya magunia ya maharage, nimejifunika blanketi kichwani ili sauti isirudi rudi, jasho likinitoka. Mvua ikipiga bati, kazi imekwisha mpaka iache. Nikimaliza napanda kilimani kutafuta mtandao, na simu zetu za mpakani mnazijua wenyewe, unasogea kidogo tu inakuletea ujumbe wa kukukaribisha nchi ya jirani. Nimekaribishwa ugenini mara nyingi kuliko nilivyokaribishwa Ngara mjini.

Nilijifunza kwa bidii, ndugu zangu. Nilitazama mafunzo mtandaoni, kuna walimu wa hayo mambo. Walinifundisha mambo mawili nikayashika kama amri. La kwanza, usisalimie. Msikilizaji hana muda, ukianza na habari za asubuhi atakukimbia, mpige na jambo zito hapo hapo. La pili, kata kimya. Mahali popote ambapo hakuna anayesema, kata, unganisha, maneno yafuatane bila nafasi. Mimi nikawa fundi wa kukata. Hata pumzi zangu nilizikata. Ukisikiliza vile vipindi vyangu vya mwanzo utadhani mtu yule hana mapafu.

Kipindi changu kilihusu mafanikio. Mimi niliyerudi nyumbani na begi moja nilikuwa nafundisha watu mafanikio, chekeni tu, nimewaruhusu. Cha kwanza kabisa kilianza hivi: "Unajua kwa nini wewe bado ni maskini?" Nilikiweka kwa sauti ya juu pale uani ili baba asikie. Alikuwa amekaa anapura maharage. Akasikiliza mpaka mwisho, akakusanya maganda, akaniambia, na hapa nawatafsiria kutoka Kihangaza, "Mwanangu, umeingia nyumbani kwa mtu, hujamwuliza ameamkaje, unamwuliza kwa nini ni maskini?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Baba, huko mtandaoni hawasalimiani."

Akasema, "Basi ni watu wenye taabu," akaendelea kupura.

Niliweka lengo kwamba mwaka ukiisha niwe na wasikilizaji maelfu, nipate mdhamini, nihamie Dar. Kila siku nilipanda kilimani kuangalia wamefika wangapi. Walikuwa wachache sana, na mmojawapo nilikuwa mimi mwenyewe nikijaribu kama kinafunguka. Nikabadilisha jina la kipindi. Nikabadilisha muziki. Nikaanza kuongea Kiswahili cha puani kama watu wa televisheni. Hesabu ilibaki pale pale. Halafu siku moja mtu nisiyemjua akaniandikia chini ya kipindi: "Sauti nzuri, lakini huna jipya."

Maneno hayo ni machache, hata hayakuwa matusi. Lakini nilishuka nayo kilimani, nikaingia ndani, nikalala. Kesho yake sikuona sababu ya kuamka. Nilijiona ni mtu ambaye ameongea duniani na dunia imemwangalia tu. Nikaacha kurekodi, nikaacha kwenda shambani, nikaacha kuja hapa. Mlipotuma watu kuniona niliwaambia ni malaria, na nilimeza hata dawa zake nikitumaini kwamba huenda ni malaria kweli. Baba alipalilia peke yake msimu ule. Jioni alikuwa ananiwekea uji mlangoni, anagonga, anaondoka kabla sijafungua ili nisione aibu. Nawaambia ukweli, ule uji ndio ulioniweka hai.

Nikiwa katika hali hiyo, habari ikaja kutoka Biharamulo kwamba shangazi yangu amepata kiharusi.

Huyu shangazi ni dada mkubwa wa baba, na ndiye ndugu pekee aliyebakiwa naye. Aliolewa huko Biharamulo zamani, kwa Wasubi, lakini wanavyopendana hao wawili utadhani wanakaa ua mmoja. Ni mama mwongeaji, mcheshi, akija kutusalimia alikuwa anaanza kutuita majina yetu akiwa bado barabarani. Baba alikwenda kumwona hospitali. Aliporudi alikuwa amekonda. Akasema mkono wa kulia haufanyi kazi, na maneno yamekuwa mazito. Neno analo, alisema, linaonekana hata machoni, lakini linachukua muda mrefu kufika mdomoni, na watu hawamsubiri. Wanammalizia. Wakimmalizia vibaya anatikisa kichwa, halafu ananyamaza.

Shangazi aliporudishwa nyumbani kwake, baba akawa anampigia simu. Nilikuwa nasikia kupitia ukutani. "Dada, umeamkaje?" Kimya. "Dada, unanisikia? Halo? Halo?" Kimya. Na mnajua kupiga simu kwa watu wetu wa umri ule, simu inakula salio, na kimya kwenye simu maana yake mtandao umekatika. Kwa hiyo baba alikuwa anapaza sauti, au anakata ili apige upya, na kule binamu yangu anayemwuguza anachukua simu na kusema mama amechoka. Ikafika siku shangazi akakataa kabisa kuwekewa simu sikioni. Anaigeuzia uso. Binamu akatuambia sasa hajaribu hata kusema na watu wa nyumbani. Ananyoosha kidole tu.

Siku hiyo baba alikaa nje na simu mkononi muda mrefu. Mimi nilimtazama dirishani. Wote wawili katika nyumba ile tulikuwa na sauti ambazo haziendi popote.

Asubuhi moja akagonga mlango wangu. Hakuondoka kama zile jioni za uji, alisimama. Nilipofungua akaniuliza, "Kile kitu chako cha ghalani, kinaweza kuchukua salamu?"

Nikamwambia nimeacha hayo mambo.

Akasema, "Najua. Nakuuliza kama kinaweza."

Sikuwa na nguvu ya kukataa. Tukaingia ghalani. Nilimweka juu ya gunia, nikamfunika blanketi, na mle ndani ya blanketi tukawa sote wawili, mzee na binti yake, kama watoto wanaojificha. Nikamshikia simu karibu na mdomo, nikampa ishara aanze.

Baba akasema, kwa lugha ya nyumbani, "Dada, umeamkaje?"

Kisha akanyamaza.

Nikadhani amesahau cha kusema. Nikamgusa goti. Akainua mkono kunizuia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, kabisa kama mtu anayejibiwa. Kimya kikakaa, kikakaa, mpaka nikasikia kuku nje na moyo wangu mwenyewe. Ndipo akaitikia kwa koo, mm, vile tunavyopokea jibu la mtu, akaendelea. "Na watoto wameamkaje?" Akanyamaza tena. Akasubiri. Mm. "Na yule ng'ombe wako mkorofi?" Akasubiri, na safari hii akatabasamu peke yake gizani, kana kwamba amesikia jibu la kuchekesha. Akauliza migomba. Akauliza jirani yake yule mwenye kikohozi. Akauliza mkono, taratibu, na hapo ndipo aliposubiri zaidi ya pote. Mwisho akamwambia, "Mimi nipo, dada. Sina haraka."

Alipomaliza nikatoka na simu yangu, nikaanza kazi yangu ya ufundi. Vidole vyangu vilikuwa bado vinakumbuka. Nikaona vile vimya virefu, nikaanza kuvitia alama nivikate. Baba akasimama nyuma yangu, akauliza ninafanya nini.

"Natengeneza, baba. Naondoa hapa ambapo hakuna kitu."

"Wapi?"

Nikamchezea sehemu ile. Umeamkaje, kisha kile kimya.

Akasema, "Usikate. Hapo ndipo anapojibu."

Nikamwambia, "Lakini baba, hapo hakuna mtu anayeongea."

Akaniangalia, hakukasirika, alinihurumia. "Hapo yupo dada yangu," akasema.

Ndugu zangu, mimi nimesoma, nimefundisha, nimetazama mafunzo mengi. Lakini nilikaa chini pale kwenye kizingiti cha ghala nikajiuliza, katika vipindi vyangu vyote, ni wapi niliacha nafasi ya mtu mwingine kuwepo? Nilikuwa nimewafungia mlango watu niliowalilia kwamba hawaingii. Baba aliniambia siku ya kwanza akipura maharage, sikusikia. Pengine ilibidi nilale kwanza ule msimu mzima ndipo nisikie.

Sikukata. Nilipanda kilimani siku hiyo, miguu inatetemeka kwa sababu nilikuwa sijatembea muda mrefu, nikamtumia binamu ile salamu kama ilivyokuwa. Nikamwandikia: mwekee mama, usimsaidie, usiseme kitu, muache tu.

Siku hiyo hakujibu. Wala kesho yake. Nikaanza kujilaumu kwamba nimempa baba matumaini ya bure. Baba hakuuliza. Nilijua anangoja kwa sababu alikuwa anapita karibu na dirisha langu bila shughuli yoyote.

Halafu ikaja. Binamu alikuwa ameiweka salamu ya baba kwenye simu moja, akarekodi kwa nyingine. Tulikaa uani, nikaicheza. Tunasikia sauti ya baba kwa mbali, "Dada, umeamkaje?" Kisha kimya, kile kile nilichotaka kukikata. Unasikia mtu anahema. Unasikia anaanza, anakwama, anaanza upya. Hakuna anayemmalizia. Na kabla tu baba hajaitikia, likatoka neno letu la Kihangaza la kujibu salamu, lile linalosema tupo. Lilitoka vipande vipande. Lakini lilikuwa lake, na lilikuwa sauti yake.

Binamu akasema ilikuwa mara ya kwanza mama yake kutamka neno tangu akatae simu. Akasema pia kwamba lile jibu halikuja siku ya kwanza. Siku ya kwanza alisikiliza tu akalia. Siku ya pili akataka irudiwe, ikarudiwa, mpaka neno likafika.

Baba alivua kofia yake, akaiweka magotini, akalia. Mimi pia nililia. Halafu akaniambia, "Rudia," na nikarudia, mpaka jua likahama pale tulipokaa.

Sitaki mtoke hapa mkidhani nawasimulia muujiza. Mkono wa shangazi bado haujarudi sawa. Maneno yake bado ni mazito. Lakini sasa anajaribu, na watu wa nyumba yake wamejifunza kumsubiri, kwa sababu walimsikia baba akisubiri akiwa mbali vile, wakaona aibu wao walio karibu.

Na mimi je? Podikasti yangu ninayo bado. Dar es Salaam haijanisikia, na naona inaendelea vizuri tu bila mimi. Wasikilizaji ni wachache, mdhamini sina, naishi kwa jembe na kwa masomo ya jioni ninayowafundisha watoto wa jirani. Lakini sipandi tena kilimani kuuliza ni wangapi. Napanda kupeleka. Niliacha kufundisha mafanikio, nikaanza kuchukua salamu. Watu walisikia habari ya baba na dada yake, wakaanza kuja. Kuna mama wa Mugoma ambaye mwanawe yuko machimboni, walikuwa hawana la kuongea kwenye simu zaidi ya umekula, sijala. Chini ya blanketi langu alimwuliza mambo ambayo hajawahi kumwuliza, na kila swali akaliachia nafasi. Kuna ndugu yetu mmoja mfugaji, simtaji ila namwona anacheka, alikuja kumsalimu mama yake Shinyanga, akamweleza ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake, na kila ng'ombe akamsubiri mama atoe maoni. Kipindi kile ni kirefu kuliko misa ya Pasaka. Sikukata hata kidogo. Wenyewe wakikubali, naziweka salamu hizo mtandaoni, na wale wasikilizaji wangu wachache sasa wananiandikia. Mmoja aliniandikia kwamba aliposikia yule mama anasubiri, alijikuta amejibu kwa sauti akiwa jikoni kwake, na mama yake mwenyewe alishafariki.

Nikisema kwamba sikati tamaa tena nitakuwa nimewadanganya mbele ya altare. Kuna wiki naangalia simu nasema kwa nini nihangaike. Wiki kama hiyo sijilazimishi kuongea na dunia. Nakaa najiuliza kitu kimoja tu, wiki hii namwongelesha nani? Nikimpata mtu mmoja ambaye jina lake nalijua, naingia ghalani. Nisipompata, naenda kupalilia na baba, maana nina deni la msimu mzima kwake, na huko shambani mara nyingi ndiko ninakompata. Kama kati yenu yupo aliyeweka lengo likamgeuka likamlaza chini, iwe biashara, iwe masomo, iwe kwaya, sina la kumfundisha zaidi ya hilo. Usiliue lengo lako. Liulize linamngoja nani.

Nawashukuru mliotuma watu mlangoni kwangu nikawadanganya kuwa ni malaria, na mkatuma tena. Namshukuru binamu yangu ambaye hakummalizia mama yake neno. Namshukuru baba, yuko pale amekaa safu ya tatu, na najua anatamani niache kumtaja. Baba, nimemaliza.

Ila limebaki jambo moja. Shangazi alisikia kwamba leo nitasimama mbele yenu, akasema nisije mikono mitupu. Amewatumia salamu. Ameirekodi mwenyewe, kwa Kiswahili, ili kila mtu hapa aielewe. Nitaiweka sasa hivi kwenye spika. Atawauliza mmeamkaje, na itamchukua muda kulimaliza neno lenyewe, nawaomba mtu yeyote asimmalizie. Kisha atanyamaza. Kitakuwa kimya kirefu. Spika haitakuwa imeharibika, mwenyekiti, wala mtandao hautakuwa umekatika.

Atakuwa anawasubiri. Mjibuni.